Mzee wa Mizani na Mji wa Amsterdam

Sikuwahi kumwamini sawasawa, na ni heri niliseme hilo mapema, kwa sababu ukiwasikiliza watu wa kanisa letu wakimsimulia utadhani ni malaika aliyeshushwa hapa Brooklyn Park, Minnesota, na mizani mkononi. Alikuwa binadamu. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, alipenda kusifiwa, na ukimuuliza swali alikujibu kwa swali lingine. Mimi ni nesi. Kutwa nzima nawauliza watu majina yao mara mbili hata kama nawajua, na mgonjwa anayejibu swali kwa swali ndiye ninayemrudia.

Tulimwita Mzee wa Mizani. Alikozaliwa sikuwahi kuuliza, na watoto wake, kama anao, sikuwahi kuwaona. Nilichojua ni kwamba alilinda jengo la ofisi kule Golden Valley kwa miaka mingi mpaka akastaafu, kwamba aliishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, na kwamba hakuna Mkenya wa pande hizi aliyefunga safari ya nyumbani bila kumwita kwanza.

Kwa asiyejua mambo yetu, mtu akisafiri kutoka hapa huwa na masanduku mawili, na moja kati ya hayo si lake. Ni la viatu vya binamu, vitamini za mama ya jirani, kompyuta ya mtoto wa shemeji, na mifuko ambayo watu wanakuletea mlangoni siku yenyewe ya safari wakisema ni kitu kidogo tu. Huwezi kukataa, utaambiwa una roho mbaya. Mzee ndiye aliyekataa kwa niaba yako. Alikuja na mizani yake ndogo ya kuning'iniza, akapiga lile goti zima kwenye zulia, akafungua sanduku na kuanza kutoa. Nilimwona kwa macho yangu akitoa viatu vya mchungaji wetu na kuvipanga ukutani.

"Mzee, hizo ni za wazee wa kanisa kule home," mchungaji akamwambia.

"Mchungaji, pale kaunta hawatakuuliza umehubiri wapi. Watakuuliza kilo. Sasa chagua, viatu ama Biblia?"

Mchungaji alifikiri kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Hayo yote yalikuwa mazuri, na sikatai kwamba alituokolea aibu nyingi za kuanika chupi zetu mbele ya foleni. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakunikalia vizuri. La kwanza, kabla ya kugusa sanduku lako alitaka pasipoti. Aliifungua kurasa moja moja, akaangalia jalada, tarehe na mihuri, kisha akauliza, "Na Amsterdam utatoka, ama utakaa ndani?" Mlinzi mstaafu ana haja gani na pasipoti za watu? Nilimkataza mume wangu kumpa yake. Alimpa, na akamwongezea chai.

La pili, hakuwahi kumsindikiza mtu uwanja wa ndege. Alikufungia sanduku, akalipima mara ya mwisho, akalibeba mpaka kwenye gari, halafu akarudi nyumbani kwake. Mwenye gari asiye na kazi ya asubuhi, katika jamii ambayo kusindikizana ni nusu ya safari, anakataa kwenda airport? Wengine walisema ni goti. Mimi nikaliweka akilini.

La tatu ni huo mji wenyewe.

Sisi wa Minnesota tunapita Amsterdam kwenda nyumbani karibu wote. Kuna watu kanisani kwetu waliofika Amsterdam mara nyingi kuliko Duluth, mji wa jimbo letu hili hili, na hawajaona hata mti wake mmoja. Kwetu ni korido ndefu yenye viti, vyoo visafi na chokoleti za kununulia watoto wa ndugu. Kwa Mzee ulikuwa mji. Akiwa amepiga magoti kati ya mashati yako alianza kuueleza. Kasri la mfalme katika uwanja mkubwa wa katikati, ambalo zamani lilikuwa jumba la baraza la mji, limejengwa juu ya maelfu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa matopeni. Nyumba za kando ya mifereji ni nyembamba na zimeinama mbele kidogo, na kila moja ina ndoano juu kabisa, kwa sababu ngazi za ndani ni finyu na kabati hupandishwa kwa kamba kupitia dirishani. Alizipenda sana ndoano hizo. Alisema mji wenye ndoano kila nyumba ni mji unaoelewa mizigo.

Kulikuwa pia na lango la kale la mji lililogeuzwa nyumba ya kupimia bidhaa, na hilo alilisimulia kama mtu anayesimulia nyumba ya babu yake. Kulikuwa na mnara ambapo zamani palipigwa sarafu, na kengele zake zinacheza wimbo. Kulikuwa na daraja jembamba jeupe linaloinuka katikati mashua ikija. Kulikuwa na Kanisa la Zamani, ambalo sakafu yake yote ni makaburi, unatembea juu ya majina ya watu. Na ulikuwapo ua uliofichika nyuma ya mlango wa kawaida tu, wenye nyumba za wanawake waliokuwa wakiishi maisha ya sala bila waume na bila kuwa masista.

"Ukipata saa za kutosha," alimaliza kila mara, akivuta zipu, "toka nje. Usikae pale ndani kama kifurushi."

Na mtu akirudi, Mzee alimvizia. Ibada ikiisha, tukishuka chini kunywa chai, utamkuta amembana msafiri kwenye kona na kikombe chake. Ulitokea mlango gani? Mfereji ulikuwa upande gani wako? Ile saa ya mnara, inaonekana kutoka darajani ama mpaka uzunguke? Watu walifikiri anakumbuka ujana. Mimi niliyesikiliza kwa makini niliona kitu kingine. Mtu anayeujua mji hakuulizi mfereji ulikuwa upande gani.

Binti yangu Moraa, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alilimaliza kwa sentensi moja. "Mom, honestly, anybody can Google that."

Siku moja nilimtega mbele ya watu. Nilikuwa nimesoma kuhusu lile Kanisa la Zamani, na ukweli ni kwamba limezungukwa pande zote na vichochoro vya wanawake wanaojiuza, wamesimama madirishani kwenye taa nyekundu. Ni jambo ambalo mtu aliyefika pale kwa miguu yake hawezi kulikosa. Katika miaka yote ile Mzee hakuwahi kulitaja.

"Mzee," nikasema, "na majirani wa hilo kanisa ni watu gani?"

Alinitazama, akapuliza chai yake. "Kwani majirani wa hili letu ni watu gani, sista?"

Watu wakacheka, kwa sababu jirani wa kanisa letu ni duka la matairi. Nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimepata nilichotaka.

Yote hayo yangebaki mzaha wangu na mume wangu tukirudi kwetu Maple Grove, kama si mama yangu.

Mama alikuja Marekani Moraa akiwa mtoto mdogo wa shule na mdogo wake akiwa hata hajazaliwa. Alikuja kunishikia nyumba kwa miezi michache, nikambakiza kwa miaka. Alipata kibali cha kuishi, akajifunza kuwasha mashine ya vyombo, akawalea watoto wangu huku mimi nikikimbizana na shift. Kwa muda wote huo hakuniomba kitu. Ukimnunulia koti anauliza la nini. Mwishowe akasema anarudi nyumbani kabisa, kwa sababu alitaka kuzeekea penye watu wanaomsalimia njiani. Nilijifungia bafuni nikalia. Nilipotoka nikamuuliza angependa nini kabla ya kuondoka.

"Nataka nitoke pale Amsterdam," akasema. "Niuone huo mji. Mzee atanipeleka, naye anaenda nyumbani mwezi huo huo."

Lazima ueleweke moyo wangu hapo. Huyu ni mama yangu, ana presha, nyonga yake inauma akisimama sana, na Kiingereza chake ni cha dukani. Kitu pekee alichowahi kuniomba ni kuuona mji ule, na mtu wa kumwonyesha ni mzee mwenye goti bovu ambaye, kwa hesabu zangu zote, hakuwahi kuukanyaga. Akilini niliwaona wamepotea kando ya maji wakati ndege inafunga milango. Nilimwona Mama akijua, pale pale, mbali na mimi, kwamba amedanganywa miaka yote.

Na nitasema yote, nilimshuku pia kwa jambo lingine. Kila Jumatano Mzee alimleta Mama kutoka kikundi cha maombi kwa gari lake kuukuu, akaingia, akanywa chai, akamenya viazi kama mtu wa nyumbani. Mama yangu ni mjane. Nikimkuta Mzee jikoni alinyanyuka haraka mno. Siku moja niliwasikia wakicheka kutoka gereji, nikaingia, wakanyamaza. Nilimuuliza Mama kama kuna kitu ninachotakiwa kujua. Aliniambia viazi vimekwisha.

Nikaanza kuchunguza. Nilimuuliza Mzee, kwa upole, mtu anatokaje uwanja wa ndege mpaka mjini. "Si unaenda tu moja kwa moja?" akasema. Kwa usafiri gani, nikauliza. "Wewe ulipitia kule juzi, hukuona?" Jibu ni treni, iko chini ya jengo lenyewe, na mtu aliyeipanda hata mara moja angesema treni. Halafu nikakumbuka keki. Mzee alipoapishwa uraia wa Marekani tulimfanyia sherehe kwenye bustani, yenye keki ya bendera, na hiyo ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi tu. Tangu apate pasipoti ya bluu ya Marekani hakuwa amesafiri. Safari zake zote za nyumbani alizifanya kwa pasipoti ya Kenya, na mwenye pasipoti ya Kenya hatoki nje pale bila visa ya Ulaya. Nilimuuliza kwa mzaha kama aliwahi kuomba visa hiyo. Akaniuliza kama nimewahi kuona jinsi fomu zake zilivyo ndefu.

Jioni hiyo nilimkuta Mama akikata sukuma, nikamweleza bila kuzunguka. "Mama, huyu mtu hajawahi kutoka pale airport. Hajawahi hata siku moja. Nimepiga hesabu."

Hakuacha kukata. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Aliniambia kitambo. Wewe ulikuwa kazini."

Kisu kikaendelea, naye akanisimulia. Miaka mingi iliyopita, Mzee alisafiri na vijana wawili wa kanisani, ndugu, waliozaliwa hapa hapa na wenye pasipoti za Marekani. Walikuwa na kutwa nzima ya kungoja ndege ya Nairobi. Mzee, aliyekuwa amesoma kidogo kuhusu mji huo, aliwaahidi atawatembeza. Alikuwa na kadi yake ya kijani ya ukaazi, na kama wengi wetu wakati ule alikuwa ameambiwa kwamba kadi ya kijani ya Marekani inafungua mlango wowote wa mzungu. Walipofika kwenye dirisha la kukagua pasipoti vijana wakapita. Yeye akaambiwa kadi yake ni ya Amerika, hapa haina kazi. Alipojaribu kueleza wakamweka pembeni, kwenye kiti, mbele ya watu wote, mpaka afisa mwingine akaja kumrudisha ndani. Vijana walitaka kurudi kukaa naye. Akawafukuza waende. Walirudi jioni, wakakaa naye chini, wakamweleza kila kitu walichoona, kwa huruma, kitu kimoja baada ya kingine, ndoano na mnara na makaburi.

"Basi waliporudi huku," Mama akasema, "watu wakawauliza. Wale watoto wangesemaje? Kwamba mzee wao alikalishwa kitini? Wakasema, Mzee alituzungusha mji wote. Kwa heshima. Naye angesemaje? Awaite watoto waongo mbele ya kanisa?"

Kwa hiyo akawa mjuzi wa Amsterdam, kwa sababu vijana wawili walikuwa na adabu. Na kwa kuwa watu walimuuliza, ilibidi ajue. Akaazima vitabu maktaba ya Brooklyn Park, akawabana wasafiri kwenye chai. Pasipoti za watu alizikagua ili mwingine asiende kukalishwa.

"Sawa," nikasema. "Lakini wewe, kama unajua hajafika, utaenda naye kufanya nini?"

Hapo Mama aliweka kisu chini. "Kwani ulifikiri ni mimi mwenye haja na nyumba za watu? Mimi nikifika nyumbani nina shamba limejaa magugu. Huyu mtu ndiye anakufa na huo mji. Amepata pasipoti, sasa anaogopa mlango. Amekata tiketi mara mbili akazirudisha. Nimemwambia twende, mimi nitapita na wewe."

Nilikasirika. Sijui hata leo kama nilimkasirikia yeye kwa kutudanganya au Mama kwa kunificha. Kitu kimoja alichoniomba mama yangu maisha yake yote hakikuwa chake, alikuwa anamwombea mtu mwingine. Niliuliza kama wanataka kuoana. Alinicheka mpaka akashika meza. "Mimi? Nianze tena kufua soksi?"

Nilimtafutia Mama visa ya Ulaya. Tuliendesha mpaka Chicago akatoe alama za vidole, kwenye theluji, njia nzima yeye akiimba na mimi nikinung'unika. Kuridhika sikuridhika. Mtu aliyeshikilia uongo miaka yote hiyo anaweza kuushikilia mwingine, na mama yangu ana tabia ya kuwahurumia watu wasiostahili.

Siku ya safari Mzee alifika Maple Grove amevaa suti na koti jipya la mvua. Alipakia masanduku ya Mama. Hakueleza kasri, hakueleza mnara. Alipofika kwenye lake mwenyewe, alimpa mume wangu mizani ampimie. Tukaenda wote uwanja wa ndege, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona pale. Mama alinikumbatia, akawakumbatia watoto, akamshika Mzee kiwiko, wakaingia. Moraa, aliyekuwa akijifanya hajali, aliita kwa nguvu kwa Kiswahili, "Nyanya, usiwache mkono wake!" Kumbe naye alijua.

Mama alipiga simu siku ya pili, ameshafika. Aliniambia wameuona mji. Wameona kasri, ni kubwa na jeusi kidogo kwa uzee. Wameona ule ua wa wanawake, kumetulia, kuna majani mabichi katikati, wamekaa kwenye benchi. Kanisa la Zamani wameingia, wamekanyaga majina. Aliongea haraka. Nikamwambia anitumie picha.

"Simu iliisha chaji."

"Na ya Mzee?"

"Mzee na simu wapi na wapi?"

Mama yangu ni mtu anayepiga picha sufuria ya ugali uliotokea vizuri. Usiku huo sikulala vizuri. Wiki iliyofuata aliniambia tena habari za kasri, na zilikuwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nikajiuliza kama Mzee alimwacha mahali. Nikajiuliza kama walifika kabisa.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili, akawa haonekani sana. Kanisani alikaa nyuma na kuondoka kabla ya chai. Familia moja iliyokuwa inasafiri ilimwita, akasema mizani imeharibika. Watu wakadhani amefiwa. Mimi nikadhani anamkwepa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nilimpata mwishoni mwa Februari, nje ya duka la vyakula vya kwetu pale Brooklyn Park, ameshika mfuko wa unga na anaitazama barafu ya maegesho bila kujua aanzie wapi. Gari lake lilikuwa limegoma. Nilishusha kioo nikamwambia aingie. Alisita, halafu akaingia na unga wake mapajani.

Tuliingia barabarani. Kwenye taa nyekundu akauliza, "Mama amekwambia nini?"

"Kuhusu nini, Mzee?" Siku hiyo mimi ndiye niliyejibu swali kwa swali, na sikujisikia vibaya.

"Kuhusu mji."

"Amesema mliuona wote."

Alifuta kioo cha dirisha kwa kiganja ingawa hakikuwa na ukungu. "Basi," akasema. "Kama amesema."

"Mzee. Mimi ni mtoto wake. Nieleze."

Niliegesha kando ya bustani moja, nikaacha joto la gari likiwaka. Alieleza akiutazama ule mfuko. Walipofika kwenye dirisha la pasipoti, mistari ilikuwa miwili, wa pasipoti za bluu huku na mwingine kule, wakaachana. Afisa hakumuuliza hata neno. Aliangalia pasipoti, akagonga muhuri, akamrudishia. Miaka yote ile ya woga, na ilikuwa rahisi hivyo. Akageuka kumtafuta Mama.

Mama alikuwa amesimamishwa. Walimuuliza hoteli, akasema hana, anapita tu. Walimuuliza anakwenda kumwona nani, akasema kanisa. Kanisa gani, akasema la zamani. Visa ilikuwa halali, kila kitu kilikuwa halali, lakini Kiingereza kilimwisha, na kadiri alivyojieleza ndivyo walivyozidi kuuliza. Wakamtoa kwenye mstari, wakamwonyesha kiti.

"Kiti kile kile?" nikauliza.

"Vyote vinafanana, sista." Aliuweka sawa mfuko wa unga. "Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Ananiona, namwona. Alinipungia mkono, hivi, niende. Nenda, nenda! Kama unavyofukuza kuku. Nilikuwa na siku nzima na mlango wazi."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa chini pale sakafuni, anione. Mlinzi akaja kuniambia siruhusiwi. Nikamwambia na mimi ni mlinzi, tukaongea, akaniacha."

Walipomwachia Mama saa zilikuwa zimekwisha, zimebaki za kurudi ndani na kutafuta mlango wa ndege. Walitoka hata hivyo, mpaka nje ya milango ya vioo, pale teksi na mabasi yanaposimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alimwambia, haya, tuko nje, nionyeshe. Akamwonyesha. Kasri kule, nyuma ya yale mabasi. Mnara pale. Ua wa wanawake hapa karibu, ukipita mlango wa kawaida tu. Mama alikuwa akigeuka kila alikoelekezwa, akiitikia, huku watu wa masanduku wakiwapita. Walikaa hapo mpaka viatu vikalowa, kisha wakarudi.

"Kwa nini asiniambie?" nikasema. "Nilidhani anakulinda wewe, watu wasikucheke."

"Mimi? Mimi nimezoea." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hakutaka ujue mama yako alikalishwa kama mwizi. Wewe ndiye uliyemtafutia ile visa. Wewe ndiye uliyemwendesha Chicago. Aliniambia kwenye ndege, yule mtoto wangu akijua atalia kazini."

Nililia pale pale kwenye gari, kwa hasira, nikimlaani mtu wa dirishani ambaye sitamjua. Mzee alinipa leso yake. Ilikuwa imepigwa pasi. Nilipomfikisha kwake alishuka taratibu, akainama mlangoni.

"Usimwambie nimekwambia."

"Na mizani?" nikauliza. "Imeharibika kweli?"

"Wewe unaonaje?" akasema, akaenda na unga wake.

Mama anapiga simu kila Jumapili, baada ya ibada zao na kabla ya yetu. Jumapili hiyo tuliongea habari za mvua, shamba, ng'ombe wa jirani anayeingia kwenye mahindi. Nilikuwa jikoni na watoto walikuwa wanatafuta viatu. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua ina moto, "Umemwona Mzee?"

"Nimemwona. Nimempa lifti."

"Anasemaje?"

"Amelalamika. Anasema ulimchosha, eti ulitaka kuingia kila kanisa."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akimwita kutoka mbali. Hakumwitikia.

"Na pale mlangoni," akasema, "amekwambia ilikuwaje?"

"Amesema mlipita pamoja."

Mama alivuta pumzi, akaishusha.

"Ndiyo," akasema. "Tulipita pamoja."